Chembe zangu za polistairini zinatoka ndogo na kila mara saizi tofauti, nifanyeje?

SWALI (nimelifupisha): Shikamoo mtaalamu. Natengeneza chembe za polistairini ndani ya maji, nataka ziwe za nanomita 300 na zifanane zote. Naweka maji mililita 250, stairini gramu 25, sabuni ya SDS gramu 1, potasiamu pasalfeti gramu 0.25, joto nyuzi 70, nakoroga kwa sumaku. Batch ya kwanza DLS (mashine inayopima saizi ya chembe kwa mwanga) ilisema 78, ya pili ikasema 110, afu kwenye darubini ya elektroni zile za kwanza zinaonekana kama 68 hivi. Na kila mara kuna mabonge yameng'ang'ania sumaku. Nimeongeza muda mpaka masaa 12 lakini hazikui. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na asante kwa kuandika vipimo vyote maana wengi wanauliza "mbona haitoki" bila hata kutaja wameweka nini.

Tuanze na hilo la masaa 12 kwa sababu ndo linaonyesha tatizo liko wapi. Muda haukuzi chembe, chembe inakuzwa na monoma (molekuli ndogo zinazoungana kuwa polima, kwako ni stairini), na stairini yako ikishaisha hata ukipika wiki nzima hakuna kitu kitaongezeka. Gramu 25 ni gramu 25, hizo zinagawanywa kwa chembe zilizopo basi. Kwa hiyo saizi unayopata mwisho ni swali la hesabu tu: zimezaliwa chembe ngapi? Naomba uache kabisa kuuliza "saizi gani" na uanze kuuliza "idadi gani", ukifanya hivyo karibu kila kitu kwenye kazi hii kinanyooka.

Hebu tupige hesabu yako. Una gramu 100 za polima kwa lita moja ya maji (25 kwa robo lita), uzito wa polistairini ni gramu 1.05 kwa mililita, kwa hiyo ujazo wote ni kama mililita 95. Kama kila chembe ina kipenyo cha nanomita 70 basi gawanya, utapata karibu 5×10^17 kwa lita. Kama ungekuwa na chembe za 300 ungepata karibu 7×10^15 tu. Yani umezalisha chembe mara 80 zaidi ya unazotaka! Kumbuka ujazo unaenda na kipenyo kwa kipeo cha 3, ndo maana tofauti ya 70 na 300 ambayo kwa macho inaonekana ya kawaida, kwenye idadi ni kubwa namna hiyo.

Sasa kwa nini zimezaliwa nyingi. SDS gramu 1 kwenye robo lita ni kama milimola 14 kwa lita, na SDS inaanza kujikusanya kuwa misela ikipita milimola 8 hivi. Kwa hiyo una ziada ya milimola 6, na kila misela inabeba molekuli kama 60, ukigawanya unapata misela kama 6×10^19 kwa lita. Kila kimoja ni kifuko kidogo cha nanomita chache chenye stairini kidogo ndani. Pasalfeti ikipata joto inavunjika inatoa radikali (vipande vya molekuli vyenye hamu kubwa ya kuungana na vingine) zenye chaji, hizo haziwezi kuingia kwenye mafuta ya stairini moja kwa moja, zinaanza kwa kuokota stairini ile kidogo iliyoyeyuka kwenye maji (ni kidogo kweli, kama gramu 0.3 kwa lita), mnyororo ukirefuka kiasi unakuwa hautaki tena maji ndo unaingia kwenye misela. Pale chembe imezaliwa. Matone makubwa ya stairini unayoyaona ukikoroga yapo pia, lakini ni machache mno, eneo lao lote ukilinganisha na la misela ni dogo sana kwa hiyo radikali haziyafikii, yenyewe yanabaki kama ghala la kutoa stairini kupitia maji kwenda kwenye chembe zinazokua. Mwanakemia Harkins alilieleza hili mwaka 1947, mwaka uliofuata Smith na Ewart wakaliwekea hesabu, na ingawa watu wameikosoa sana kwa monoma zinazoyeyuka zaidi kwenye maji, kwa stairini bado inakaa vizuri.

Angalia kitu kimoja hapo: misela 6×10^19, chembe 5×10^17. Yani misela moja katika kila mia hivi ndo inageuka chembe, zingine zote zinavunjika na sabuni yake inahamia kwenye ngozi ya chembe zinazokua. Na siku misela ya mwisho inaisha ndo siku uzazi unafungwa. Kwa recipe kama yako hii inatokea mapema sana, stairini iliyogeuka polima ikiwa bado chini ya asilimia 20 hivi, baada ya hapo unaangalia ukuaji tu. Kwa hiyo jambo lolote unalofanya kwenye ile robo saa au nusu saa ya kwanza lina nguvu kuliko chochote utakachofanya masaa 11 yanayofuata.

Najua sasa unafikiria, basi nipunguze sabuni. Ndiyo, lakini sikiliza. Kwa hesabu ya Smith na Ewart idadi ya chembe inaenda na sabuni kwa kipeo cha 0.6 na kwa kianzishi (ile pasalfeti) kwa kipeo cha 0.4. Ukitaka idadi ishuke mara 80 kwa sabuni peke yake utatakiwa kuipunguza zaidi ya mara elfu moja, na kabla hujafika hata karibu na hapo umeshashuka chini ya ile milimola 8, misela hakuna, na hesabu yenyewe haikuhusu tena. Kwa hiyo recipe yako hairekebishiki kwa kupunguza punguza, kwa 300 unahitaji njia nyingine. Ziko mbili na zote ni nzuri.

Ya kwanza ni kutoa sabuni kabisa. Wengi hawaamini kama itasimama lakini inasimama, kwa sababu kila mnyororo umeanza na kipande cha pasalfeti chenye chaji hasi na kile kipande kinakaa juu ya ngozi ya chembe, ndo kinazifukuza zisigandane. Bila misela, minyororo inarefuka ndani ya maji hadi inajikunja na kudondoka yenyewe, vichembe vidogo sana vinazaliwa, havina chaji ya kutosha kusimama peke yake kwa hiyo vinaungana ungana hadi vinapata chaji ya kutosha, afu idadi inatulia. Hiyo awamu ya kuungana ni fupi, ndo maana zinatoka zimefanana sana, mimi naipenda kuliko njia zote kwa mtu anayetaka chembe safi. Maji yale yale, stairini ile ile, pasalfeti kama gramu 0.2, nyuzi 70, masaa 24, na utapata kitu kati ya 200 na 700 kutegemea na hali zako. Ikitoka kubwa mno unaweza kupandisha joto, au kuweka SDS kidogo sana chini kabisa ya ile milimola 8, zote zinashusha saizi. Ikitoka ndogo ongeza chumvi kidogo (sodiamu kloraidi), chumvi inafunika chaji, vichembe vinaungana zaidi kabla ya kutulia, zinabaki chache na kubwa. Ila chumvi ukizidisha zinaganda zote, panda kwa milimola chache chache. Na kumbuka pasalfeti yenyewe ni chumvi pia, kwa hiyo ukiiongeza unafanya mambo mawili kwa mpigo yanayovutana, ndo maana watu wanachanganyikiwa hapo.

Ya pili ni mbegu. Unachukua hizo hizo za 70 ulizonazo, usizitupe, unaziweka kwenye flaski na maji na pasalfeti afu unaingiza stairini mpya pole pole kwa bomba la sindano. Chembe hazizaliwi upya, zilizopo zinanenepa. Kutoka 70 mpaka 300 kila gramu 1 ya mbegu inahitaji stairini karibu gramu 78, ni safari ndefu, kwa hiyo ifanye kwa hatua mbili: 70 kwenda 150 (kila gramu ya mbegu inakula stairini gramu 9 hivi), afu 150 kwenda 300 (gramu 7 hasa). Raha ya mbegu ni kwamba unajua utafika wapi kabla hujaanza. Na zinavyokua zinazidi kufanana, kwa sababu zile ndogo na zile kubwa zinapata karibu ujazo ule ule wa polima mpya kwa saa, na ujazo ule ule ukiuweka juu ya chembe ndogo unaongeza kipenyo zaidi kuliko ukiuweka juu ya kubwa. Hatari yake ni moja: ukiongeza sabuni kwa hofu ya kuganda ukapita kipimo, misela inarudi na kizazi kipya kinazaliwa, utaona vilele viwili kwenye DLS au, mbaya zaidi, utaviona kwenye darubini tu maana DLS itavificha, nitaeleza chini.

Kwa njia hii ya mbegu watu wamefika mbali sana. Mwanakemia Vanderhoff wa Marekani na wenzake walitaka kuzifikisha mpaka maikromita 10 zikiwa zimefanana, tatizo duniani chembe zikishakuwa kubwa wakati bado zimejaa stairini zinaelea, zikishageuka polima zinazama, na ukikoroga kwa nguvu zinagongana zinaganda. Wakapeleka mtambo angani, mara ya kwanza ilikuwa kwenye safari ya STS-3 ya chombo cha NASA mwaka 1982, na zile za maikromita 10 taasisi ya viwango ya Marekani ikaanza kuziuza mwaka 1985 kama kipimo cha rejea, bidhaa ya kwanza iliyotengenezwa angani kuuzwa. Mwanakemia Ugelstad kule Norway alikuwa ameshapata njia ya kuzivimbisha hapa hapa ardhini miaka ya 1970, na kutoka kwake ndo zikaja zile shanga za sumaku ambazo maabara za biolojia zinazitumia kutenganisha seli.

Turudi kwako. Kwa nini 78 mara moja na 110 mara nyingine kwa recipe ile ile? Hujataja naitrojeni popote, na hujataja kama umesafisha stairini. Hapo ndo naweka dau langu. Oksijeni inameza radikali. Ikiwa imeyeyuka kwenye maji na inaendelea kuvuja kutoka juu, basi zile dakika za mwanzo ambazo chembe zinapaswa kuzaliwa kwa haraka na kwa pamoja, radikali zinaliwa, chache tu ndo zinafika kwenye misela, chembe zinazaliwa chache na kwa kuchelewa chelewa, mwisho zinatoka kubwa na hazifanani. Siku nyingine flaski imefunikwa vizuri zaidi, zinatoka nyingi na ndogo. Vile vile stairini ya kwenye chupa inakuja na kizuizi (tert-butili katekoli, kama sehemu 10 hadi 15 kwa milioni) ili isigande njiani, na kiasi kilichobaki kinategemea chupa imekaa muda gani. Pitisha stairini kwenye safu ya alumina (unga unaonasa kizuizi) kabla ya kutumia, tumia siku hiyo hiyo au iweke kwenye friji kwa muda mfupi. Pitisha naitrojeni ndani ya maji nusu saa, afu inyanyue mdomo wa bomba ukae juu ya maji uendelee hivyo hadi mwisho, kondensa (kipozeo cha mvuke) ikiwa juu. Usizibe flaski kabisa hata siku moja, gesi lazima iwe na pa kutokea. Na kazi yote ndani ya kabati la kunyonya mvuke, stairini ina harufu kali, inawaka, na si kitu cha kuvuta.

Pasalfeti iyeyushe pembeni kwenye maji kidogo na uiingize kwa mara moja baada ya joto kutulia kabisa kwenye 70. Watu wanaweka kila kitu baridi afu wanapasha, sasa hapo uzazi unatokea wakati joto linapanda na hakuna siku mbili zinapanda sawa. Na joto lipime ndani ya flaski, siyo kwenye sahani ya kupashia. Stairini ikigeuka polima inatoa kama kilojuli 70 kwa moli, gramu zako 25 zina joto la kuweza kupandisha flaski nzima karibu nyuzi 15 kama lingebaki lote ndani, si hatari kwa kiasi chako ila linatosha kuharibu usawa wa batch na batch, na ukija kukuza kuwa lita 5 hapo ndo inakuwa hatari kweli. Weka kwenye bafu la maji. Sodiamu baikaboneti kidogo pia inasaidia maana pasalfeti ikivunjika inaacha asidi.

Mabonge kwenye sumaku: sumaku inasaga chini ya flaski, chembe laini zilizojaa stairini zinabanwa kati ya sumaku na kioo, zinaungana, na bonge likishaanza linakusanya mengine. Tumia pangaboi la kukoroga kutoka juu, mizunguko kama 300 kwa dakika, stairini isikae kama tabaka juu lakini pia maji yasirushwe ukutani. Halafu kuna suala la ngozi: chembe zako za 70 kwenye lita moja zina eneo la nje karibu mita za mraba 8,000, hiyo ni zaidi ya uwanja mzima wa mpira, na sabuni yako inaweza kufunika kama nusu yake tu. Chembe za 300 kwa polima ile ile zina eneo chini ya 2,000. Kwa hiyo chembe kubwa zinahitaji sabuni pungufu kusimama, ndo maana ile njia ya bila sabuni inawezekana. Mabonge yachuje kwa kitambaa, yakaushe, yapime na uandike uzito, maana yakizidi asilimia chache hesabu ya idadi ya chembe tuliyoifanya juu inapotea.

Sasa vipimo. DLS haioni saizi, inaona jinsi chembe inavyotangatanga kwenye maji, afu inakokotoa kipenyo kwa kutumia joto na mnato wa maji. Maji yakiwa nyuzi 20 na wewe umeiambia mashine 25, mnato peke yake unakukosesha asilimia 12, kwa hiyo acha sampuli ikae dakika kadhaa ndani ya mashine ifikie joto lake. Ikumbuke pia kuwa mwanga unaorudishwa na chembe ndogo unaenda na kipenyo kwa kipeo cha 6. Chembe moja ya 100 inang'aa kama chembe 15,000 na zaidi za 20. Ndo maana nilisema kizazi kipya cha vichembe vidogo kinaweza kujificha kabisa, DLS ikakuonyesha kilele kimoja kizuri na wewe ukafurahi. Kwa sababu hiyo hiyo wastani wa DLS unavutwa na chembe kubwa, na juu yake kuna ile ngozi ya sabuni na ioni inayotembea na chembe, wakati darubini inaipiga picha ikiwa kavu na tupu. Kwa hiyo 78 yako na 68 yako hazigombani hata kidogo, kila moja inasema kitu chake. Kitakachonitia wasiwasi ni darubini ikitoa kubwa kuliko DLS, hapo uliza unene wa dhahabu waliyopaka sampuli, au kama mwale wa elektroni umezilainisha zikatandazika. Punguza sampuli kwa maji yenye chumvi milimola 1 hadi 10 badala ya maji matupu, pima kwenye viwango vitatu vya upunguzaji na kama namba inabadilika badilika endelea kupunguza. Kile kipimo cha mtawanyiko wa saizi ambacho DLS inatoa kikiwa chini ya 0.05 uko pazuri, kikiwa 0.2 usiniambie zinafanana. Kwenye picha hesabu chembe 200 au zaidi, na zitoke picha tofauti, usichague ile nzuri.

Usisahau mizani, ndo kipimo cha bei rahisi na ndo kinachorukwa. Kila nusu saa chota sampuli ndogo, dondoshea haidrokwinoni kidogo kusimamisha mmenyuko, kausha, pima. Ukijua gramu za polima na kipenyo kwa kila saa unapata idadi ya chembe kwa kila saa. Idadi ikikaa palepale kuanzia saa la kwanza, uzazi ulifungwa mapema na kazi ni nzuri. Ikipanda katikati, kuna kizazi kipya. Ikishuka, zinaungana. Hakuna mashine ya ghali itakayokupa hilo bila hizo gramu.

Na macho yako pia ni kifaa. Lateksi (chembe zikiwa ndani ya maji) ya 70 inaonekana na ubluu bluu na inapitisha mwanga kidogo, ya 300 ni nyeupe kama maziwa. Dondosha tone la ile iliyosafishwa (dialisisi, yaani kuoshwa ndani ya utando, siku kadhaa, maji yakibadilishwa kila siku) kwenye kioo, liache likauke taratibu. Zikiwa zimefanana zinajipanga zenyewe na kutoa rangi, na rangi hiyo ukiitazama moja kwa moja kutoka juu ni kama kipenyo mara 2.4: za 220 zinatoa kijani, za 300 zinaenda kwenye wekundu wa mwisho kabisa ambao jicho linaushika kwa shida. Isipotoka rangi yoyote kwenye hizo za 220 au 250, hazifanani au bado chafu.

Anza na ile ya bila sabuni, naitrojeni ikiwepo na stairini ikiwa imepita kwenye alumina, rudia mara tatu bila kubadilisha kitu hata kimoja. Afu niandikie gramu za polima, gramu za mabonge na kipenyo kwa kila batch, tuone kama idadi inarudi ile ile, ikirudi ndo tutagusa chumvi na joto kuitafuta 300.